Mfuniko Bila Sufuria

Binti yangu alirudi likizo kutoka shule ya bweni huko upande wa Kampala, akatua sanduku lake barazani, akanywa kikombe kizima cha maji, na kabla hajawasalimia hata wadogo zake akaniuliza: "Baba, ni kweli watu wa kwetu walikuwa wanakula watu?"

Ilikuwa hivi. Siku ya kufunga muhula shule ilimwalika mchekeshaji. Katikati ya maonyesho yake akauliza nani ametoka Arua, na wenzake wakamsukuma binti yangu asimame. Yule bwana akarudi nyuma hatua mbili, akalishika tumbo lake kwa mikono yote miwili kama mtu anayelinda ini lake, akamwomba mwalimu wa zamu ahakikishe mtoto huyu ameshiba kabla taa za bweni hazijazimwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Nawe ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nilicheka, Baba. Ningefanya nini?"

Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko mzaha wenyewe. Mzaha naujua. Nilitupiwa mimi ndani ya basi la Kampala, nikiwa na umri kama wake, miaka michache baada ya vita, na kondakta aliyeutoa hakuwa na haja hata ya kumtaja Idi Amin, mtawala wa zamani mwenye asili ya kwetu. Kutoka West Nile, upande huu wa Arua, kulitosha. Siku hizo walituita Anyanya, jina la waasi wa kusini mwa Sudan, kana kwamba hatukuwa raia wa Uganda. Hata lugha hii ninayoiandika ilitiwa kwenye kapu hilo hilo: Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Kampala ilikuwa tayari inaisikia kama lugha ya kambi za jeshi, na mpaka leo wapo wanaokisikia Kiswahili wakashika mifuko yao. Amin alifia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Watoto wanaochekwa leo wamezaliwa baada ya kifo chake.

Madai kwamba alikula nyama ya watu hayajathibitishwa na yeyote. Aliyoyafanya kweli yanatosha kumtisha mtu: makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 300,000 waliouawa kati ya Januari 1971 na Aprili 1979. Na sisi tulikuwemo. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alifukuzwa kazi mwanzoni mwa 1974, na baada ya muda mfupi maiti yake ikaopolewa katika Mto Nile. Mwezi Machi mwaka huo huo Brigedia Charles Arube, Mkakwa kama Amin mwenyewe, alikufa katika jaribio la kumwangusha. Haya hayamo kwenye mzaha. Mzaha umetufanya sote kuwa watoto wa mtu mmoja.

Kwa siku kadhaa basi nilikuwa upande wa wanaosema kuna mambo ambayo vichekesho visiyaguse kabisa. Nilikuwa na orodha kichwani: mauaji, njaa, ulemavu, dini, wafu. Aliyeivunja orodha hiyo ni babu yangu, ambaye amekwisha kuwa udongo miaka mingi.

Kwetu Ayivu, kama kwa Walugbara wengine, koo zinahesabu asili yake kwa mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Dribidu ni mwenye manyoya mwili mzima, na ana jina la pili, Banyale, mla watu. Alikuwa akiwala watoto wake mwenyewe, siku moja akagunduliwa, akafukuzwa kwao mashariki ya Nile, akavuka mto akaja huku, na maisha yake yakaishia mlima Eti. John Middleton, Mwingereza aliyekaa kwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, ameiandika habari hiyo katika vitabu vyake, lakini mimi sikuipata vitabuni. Niliipata kwenye moto wa jioni. Babu alipofika pale Dribidu anapomtafuta mtoto wa tatu, alikuwa akimkamata mmoja wetu mkono, anaubinyabinya kupima unene, anatikisa kichwa kwa masikitiko, anamwambia aende akale zaidi kisha arudi. Tulipiga mayowe, tulicheka mpaka machozi. Halafu tulimpima yeye mkono wake mkavu, tukamwambia huu hata Dribidu angeutema.

Jambo ni lile lile, kula watu. Hata ishara ni ile ile: mtu mzima, mtoto, tumbo, njaa ya usiku. Na kichekesho kimoja kilimlisha mtoto kicheko, kingine kikamrudisha nyumbani na swali. Kama ingekuwa jambo lenyewe ndilo lenye sumu, babu angekuwa ametuua sote.

Kiswahili kina maneno mengi hapa, na hayalingani. Kuna mzaha, kuna dhihaka, kejeli, masimango, stihizai. Na kuna utani. Tunalitumia neno hilo ovyo siku hizi, mtu akishamtukana mwenzake anasema "nilikuwa nakutania", lakini utani wa asili una wenyewe na una masharti. Babu na mjukuu ni watani. Mtu na shemeji yake ni watani. Huko Tanzania kabila zima lina utani na kabila jingine: Wanyamwezi na Wazaramo, waliokutana kwenye njia za misafara kati ya bara na pwani, Wachaga na Wapare, na wengine wengi, mara nyingi watu waliowahi kufanya biashara pamoja au kupigana vita wakapatana. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuja msibani kwako akaigiza mwendo wa marehemu, akakohoa kikohozi chake, akadai deni ambalo halikuwepo. Yuko mtani anayejilaza ndani ya kaburi lililochimbwa tayari, akagoma kutoka mpaka alipwe kitu, na jeneza linasubiri juu ya ardhi.

Nani angethubutu kusema kifo ni mwiko kwa kicheko, akiwa ameona hilo? Lakini tazama tena mkono wa huyo huyo mtani. Mara nyingi ndiye aliyechimba. Ndiye aliyeosha maiti, au aliyekesha jikoni, au aliyetumwa kupeleka habari mbaya kwa ndugu. Kicheko chake kina gharama, na gharama anailipa kwa mgongo wake. Tena anajua kwamba siku ya msiba wake mwenyewe zamu itageuka.

Ndiyo maana nasema swali la kama jambo fulani liruhusiwe au likatazwe limekaa vibaya. Hakuna jambo ambalo haliwezi kuchekewa. Kuna mtu ambaye hana haki ya kulichekea: yule ambaye hawezi kurudishiwa, na ambaye kaburini haonekani. Mchekeshaji wa shuleni alikuwa na kipaza sauti, binti yangu alikuwa na sare yake. Angemjibu nini, na kwa sauti gani?

Najua nitaambiwa kwamba jukwaa la mjini si uwanja wa matanga, na msanii anayeuza tiketi hawezi kuchimba kaburi la kila anayemtania. Kweli. Lakini wapo wanaolibeba deni hilo kwa namna nyingine. Mchekeshaji Patrick Salvado Idringi amepanda majukwaa ya Kampala kwa miaka akijitangaza kuwa mtu wa Ombokolo, akiwa na jina letu. Anapowachekesha watu kwa habari za West Nile yeye mwenyewe yumo ndani ya mzaha, na akishuka jukwaani bado ni wa kwetu. Sina hakika kila anayemcheka ukumbini haendi kesho yake kumpigia mlinzi wa getini kelele kwa lafudhi hiyo hiyo. Jambo hilo hunisumbua. Hata hivyo ni haki yake, na nisingependa mtu yeyote amnyang'anye.

Sasa mgeukie Amin mwenyewe, maana yeye alichekwa kuliko Mwafrika yeyote wa zama zake. Alan Coren, katika jarida la Punch la London, alimwandikia Amin taarifa za kubuni kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa, zikakusanywa kitabu mwaka 1974. John Bird akazisoma kwenye santuri mwaka uliofuata. Waingereza walicheka sana. Na Amin alijua kuchekesha: alianzisha mfuko wa kuiokoa Uingereza na ufukara wake, na mwaka 1975 alibebwa kwenye kiti na wafanyabiashara wa Kizungu mbele ya kamera, akawageuzia wakoloni picha yao wenyewe. Waafrika wengi walimshangilia kwa hilo, na sishangai.

Lakini fikiria nani alikuwa akilipa. Coren hakumwogopa Amin, alikuwa mbali. Wala Amin hakuumia. Yule aliyechorwa katika maandishi yale, mtu mweusi asiyejua kusema wala kufikiri, alikuwa kila Mganda, akiwemo yule aliyekuwa amefungwa katika gereza la kijeshi la Makindye wakati huo. Kicheko kilimfunika muuaji kama blanketi. Akaonekana kituko, na kituko hakiogopwi. Amin alistahili kuchekwa. Lakini mzaha uliomfaa ulikuwa mikononi mwa watu waliokaa chini ya kivuli chake, na hao aliwanyamazisha. Byron Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, Kampala, mtunzi wa mchezo wa Oluyimba lwa Wankoko. Alitekwa Februari 1977, baada ya tamasha la sanaa la FESTAC la Lagos, akauawa. Mtawala huyo huyo aliyependa dunia imcheke hakuvumilia mchezo wa jukwaani nyumbani kwake.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaotaka sheria iweke mipaka ya vichekesho. Orodha ya miiko ikishaandikwa, wa kwanza kuichukua huwa ni wenye bunduki. Julai 2020 wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto la hapa Uganda walitoa mchezo mfupi wakiwaomba wananchi wawaombee dua wakubwa wa nchi, wakaanza kuwataja mmoja mmoja kwa majina na vyeo. Hakukuwa na tusi. Majina yenyewe yalijisemea yanatoka upande gani wa nchi. Polisi wakawakamata kwa tuhuma za kuchochea ubaguzi, wakawaweka ndani siku kadhaa kabla ya kuwaachia kwa dhamana. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Tanzania ilimkamata mchekeshaji Idris Sultan baada ya video inayomwonyesha akicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Kosa lilikuwa kicheko chenyewe.

Kesi ngumu kwangu ni ya Stella Nyanzi, mwanaharakati wa Uganda. Shairi lake la 2018 kuhusu mama mzazi wa rais wetu, mama aliyekwisha kufariki, lilinifanya niweke simu chini. Kwetu mama wa mtu haguswi hivyo, na mimi nisingeandika hata mstari mmoja wa vile. Agosti 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu. Nilifurahi ilipofutwa, na sioni kwamba najipinga. Rais ana redio, ana magazeti, ana wasemaji wa kila lugha. Kama kuna mtu nchini anayeweza kumrudishia mtani wake maneno, ni yeye. Akijibu kwa pingu amekataa utani na raia wake. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichokuwa kikiwakamata watu kwa "mawasiliano ya kuudhi", lakini marekebisho ya 2022 yalikuwa yamekwisha kuleta makosa mengine mapya. Anayechekesha Uganda bado anachekesha huku akitazama mlango.

Narudi nyumbani, kwa jambo ambalo ni zito kwangu kuliko Amin. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua, na jeshi la serikali, UNLA, lilipoirudisha miji hiyo liliwalipizia raia. Tarehe 24 Juni 1981 liliwaua makumi ya watu waliokimbilia misheni ya Wakomboni pale Ombaci, mahali palipokuwa na watu wa Msalaba Mwekundu, mahali ambapo kila mtu aliamini ni salama. Kila mwaka siku hiyo tunakumbuka. Ukiniuliza kama Ombaci pachekewe, mwili wangu unajibu hapana kabla ya ulimi.

Lakini mama yangu alicheka. Sisi tulikimbilia Zaire, na katika kukimbia mama aliingia jikoni gizani akanyakua alichodhani ni sufuria, akakifunga ndani ya kitenge pamoja na chumvi, akambeba mdogo wangu, mimi nikashika upindo wa nguo yake. Tulipofika ng'ambo kulipopambazuka akafungua kitenge. Ulikuwa mfuniko. Mfuniko peke yake, wa bati, umebonyea upande mmoja. Mama alikaa chini njiani akacheka mpaka wanawake wengine wakadhani amepata wazimu, kisha nao wakaanza kufungua mizigo yao: mmoja ana kiatu kimoja, mwingine ana jiwe la kusagia asilolikumbuka kulibeba. Tangu siku hiyo, kila Juni, baada ya misa, wanawake wale wakikutana walikuwa wakiulizana, "Wewe ulibeba nini?"

Miaka mingi baadaye mgeni wetu kutoka Kampala, mtu mwema kabisa, aliisikia hadithi hiyo mezani. Asubuhi yake akamsalimu mama kwa furaha: "Mama Mfuniko, umeamkaje?" Mama akamwitikia kwa heshima, akachukua dumu, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Mgeni hakuwa na ubaya wowote. Alikuta mlango uko wazi, akadhani kila mtu anaruhusiwa kuingia.

Ningependa kusema sisi wa Arua, tulioonja hayo, hatuwatendei wengine vile. Siwezi. Tangu 2016 wakimbizi wa Sudan Kusini wameingia West Nile kwa wingi: Bidibidi huko Yumbe, Imvepi, Rhino Camp. Na kwenye vijiwe vya boda boda mjini kuna mzaha unaozunguka kwamba mkimbizi akiona foleni yoyote anajipanga kwanza, ndipo anauliza kinagawiwa nini, hata kama ni foleni ya kumuaga maiti. Niliurudia mimi mwenyewe, harusini, nikiwa na kipaza sauti mkononi. Watu walicheka. Nyuma, karibu na masufuria, alikuwepo mwanamke mkimbizi kutoka Kajo Keji aliyekuwa akiosha sahani kwa malipo. Sikumwona mpaka niliposhuka. Alikuwa ameinamisha uso kwenye beseni, na mikono yake haikusimama hata kidogo. Mgao wao wa chakula umekatwa mara kadhaa kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua; foleni hiyo nilikuwa sijawahi kusimama ndani yake. Na baba yangu alikufa akiwa na kadi ya ukimbizi mfukoni.

Sijautoa tena. Si kwa sababu njaa ni mwiko. Kama mwanamke yule angeshika kipaza sauti akatueleza foleni zake, na jinsi sisi wenyeji tunavyoonekana tukijipanga nyuma ya wafadhili kutafuta kandarasi, ningekuwa wa kwanza kucheka. Hakuna aliyempa.

Mama alifariki wakati wa mvua za kwanza. Siku ya pili ya matanga, mchana, tulisikia kilio kutoka njiani, kilio cha kizamani chenye maneno ndani yake, na akaingia uani mwanamke mzee sana, amebeba furushi kichwani. Alikuwa amevuka kutoka upande wa Ariwara, huko Kongo. Ni yeye aliyetupokea mwaka ule, akatupa kona ya nyumba yake, na kwa sababu sufuria yake moja ilikuwa haina mfuniko, mfuniko wa mama ukaifunika miaka mitano. Tuliporudi Uganda kila mtu alichukua chake.

Alilia mpaka katikati ya uwanja. Hapo akanyamaza ghafla, akatua furushi, akalifungua. Sufuria nyeusi, imeungua chini. Akaigonga kwa kijiko mara tatu, watu wote wakageuka, akasema kwa Kilugbara kwanza, kisha kwa Kiswahili chao cha Kongo ili na wageni waelewe: "Mimi nimekuja na sufuria. Huyu mwizi anataka kuenda na mfuniko yangu?"

Kwa muda hakuna aliyepumua. Kisha dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa hajala tangu jana yake, akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, akaenda jikoni. Mfuniko ulikuwepo, unaning'inia kwenye msumari wake. Mzee akaupokea, akaukagua pale ulipobonyea, akauweka juu ya sufuria, akakunja kitenge chake kiunoni akauliza kuni ziko wapi. Alikaa nasi siku nne, akipika maharage ya waombolezaji. Mfuniko haukuenea sawasawa. Mvuke ulikuwa ukitokea upande mmoja.